Cheti cha Kuzaliwa na Mashahidi Wake

Msomaji, mtu akikuuliza ulizaliwa lini, utamjibu mara moja, tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Akiongeza swali la pili, 'Umejuaje?', huenda ukatulia kidogo. Siku hiyo ulikuwapo, lakini ushahidi wako hauna thamani yoyote, maana hukumbuki neno. Uliambiwa na mama yako, au ulisoma katika cheti. Na karani aliyekiandika cheti hicho naye aliambiwa na mtu. Nyuma ya kila tarehe ya kuzaliwa amesimama msemaji, na kazi ya mwanahistoria ni kumtafuta msemaji huyo na kumtaja.

Laonekana jambo dogo. Walakini kwa ajili ya jambo hilo watu wamebishania urais, wamekatazwa ndoa, na wamenyang'anywa hata jina la kabila lao, kama utakavyoona.

Siku hizi watu wengi huhifadhi nasaba zao katika kompyuta. Ziko programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, nyingine za kununua na nyingine za bure. Unaandika jina la babu, unamwunganisha na mkewe na watoto wake, na programu inakuchorea mti wenye matawi. Chini ya kila tukio, yaani kuzaliwa, ndoa au kifo, ipo nafasi ya kutaja chanzo: habari hii imetoka katika hati gani, iliyoandikwa na ofisi gani, kitabu cha ngapi, ukurasa wa ngapi, na hati yenyewe imehifadhiwa wapi. Mwaka 1984 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo makao yake yako Salt Lake City nchini Marekani, lilitoa utaratibu uitwao GEDCOM, ili programu mbalimbali ziweze kupashana nasaba. Utaratibu huo ulikuja kuwa hata na alama za kupima ushahidi, kutoka 0 kwa habari isiyoaminika hadi 3 kwa ushahidi wa moja kwa moja. Wajuzi waliziweka nafasi hizo kwa makusudi, lakini watumiaji wengi huziacha tupu. Utakuta mti wenye majina elfu, uliopanda mpaka kwa wafalme wa Ulaya, na hapana shahidi hata mmoja. Mti wa namna hiyo ni pambo la ukutani.

Programu nyingi za namna hii zilianzia Marekani, na nafasi zake zimefuata desturi ya hati za huko. Kwa hiyo yafaa tujue hati hizo zilipatikanaje.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1538, kazi ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilikuwa mikononi mwa makasisi wa parokia. Walowezi waliohamia Massachusetts walifuata njia nyingine. Mwaka 1639 baraza lao liliamuru kwamba uzazi, ndoa na vifo viandikwe na makarani wa serikali. Makarani wengine waliandika, wengine walilala. Miaka mia mbili baadaye akatokea Lemuel Shattuck, mtu aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kufanya biashara ya vitabu mjini Boston. Alipokuwa akiandika historia ya mji wa Concord, iliyochapwa mwaka 1835, alihangaika sana na madaftari yaliyojaa mapengo. Hakuishia kulalamika. Mwaka 1839 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Takwimu cha Marekani. Akawashawishi watunga sheria, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 Massachusetts ikaanza kukusanya habari za uzazi, ndoa na vifo kutoka kila mji hadi makao makuu ya jimbo. Mwaka 1845 alikuwa tena mmoja wa waasisi wa chama cha historia na nasaba cha New England. Mtu yule yule, basi, aliyataka madaftari kwa sababu mbili: apate kujua wafu walikufa kwa ugonjwa gani, na apate kujua walio hai wametoka kwa nani.

Majimbo mengine hayakuwa na haraka. Serikali ya taifa la Marekani haikuwa na daftari moja la uzazi la watu wote, na hata leo haina. Kila jimbo lina sheria yake na masjala yake. Serikali hiyo ilipoanza mwaka 1915 kuhesabu uzazi kutokana na vyeti vya majimbo, ni majimbo 10 tu, pamoja na wilaya ya mji mkuu, yaliyoonekana kuwa na vyeti vya kutosha. Jimbo la mwisho kuingia katika hesabu hiyo lilikuwa Texas, mwaka 1933. Kwa sababu hiyo, mtu aandikaye katika programu yake 'cheti cha Marekani' hajasema kitu. Yampasa aseme ni cha jimbo gani na cha mwaka gani.

Yampasa pia atazame mwaka wa kuandikwa, usije ukachanganywa na mwaka wa kuzaliwa. Sheria ya malipo ya uzeeni ilipopitishwa huko mwaka 1935, wazee wengi waligundua kwamba hawana karatasi ya kuonyesha umri wao. Kadhalika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliotaka kazi katika viwanda vya silaha walitakiwa kuonyesha kwamba ni wenyeji wa nchi. Majimbo yakawapa vyeti vilivyochelewa, kwa kiapo cha jamaa, au kwa kutazama Biblia ya nyumbani ambamo baba aliandika majina ya watoto. Cheti cha mtu aliyezaliwa mwaka 1885 kikiwa kimeandikwa mwaka 1941, kina muhuri mzuri kama cheti kingine chochote. Lakini shahidi wake ni shangazi mzee aliyejaribu kukumbuka mambo ya miaka 56 iliyopita. Hilo nalo liandikwe.

Sasa tutazame cheti kimoja ambacho Wakenya wengi wamekisikia. Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 2009 hadi 2017, alizaliwa Honolulu, katika jimbo la Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Katiba ya Marekani yataka rais awe raia wa kuzaliwa, na baba yake Obama alikuwa mwanafunzi kutoka Nyanza. Wapinzani wake wakaeneza maneno kwamba mtoto huyo alizaliwa Kenya. Mwaka 2008 watu wake walionyesha muhtasari wa cheti, uliochapwa na kompyuta ya Idara ya Afya ya Hawaii. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mkuu wa idara hiyo, Chiyome Fukino, akatangaza kwamba ameiona kwa macho yake hati ya asili. Maneno hayakwisha. Tarehe 27 Aprili 2011 Ikulu ya Marekani ikatoa nakala ya hati ndefu, iliyopigwa kutoka katika kitabu cha masjala.

Muhtasari ule na nakala hii vyote viwili ni vya kweli, lakini si kitu kimoja. Muhtasari wataja jina la mtoto, siku, saa, mahali, na wazazi. Nakala ndefu yaongeza hospitali, umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, kazi ya baba, na sahihi za watu watatu. Mwenye kutunza nasaba aliyeuona muhtasari tu asiandike kwamba ameiona hati ndefu. Ataje alichokiona, kwa maana msomaji wake atakwenda kutafuta kile kile. Rejeo zuri la nakala ile laweza kuwa hivi: Idara ya Afya, Jimbo la Hawaii, cheti cha kuzaliwa namba 151 61 10641, Barack Hussein Obama II, Honolulu, 4 Agosti 1961, kilipokelewa na msajili 8 Agosti 1961, nakala ya mwezi wa Aprili 2011, kama ilivyotangazwa na Ikulu ya Marekani. Ni maneno machache, na mtu wa Kisumu au wa Lamu aweza kuyafuata mpaka kwenye karatasi yenyewe.

Kisha uisome hati ile kama hakimu asikilizavyo mashahidi. Daktari ameweka sahihi kwamba mtoto alizaliwa akiwa hai siku ile, saa ile. Huyo ni shahidi wa macho. Mama, Stanley Ann Dunham, aliweka sahihi tarehe 7 Agosti. Naye kuhusu uzazi wake mwenyewe hana mfano. Lakini hati yasema pia kwamba baba ana umri wa miaka 25, na kwamba amezaliwa 'Kenya, Afrika ya Mashariki'. Hapo daktari hajui kitu. Mama alikuwa kijana wa miaka 18 ambaye wakati huo hakuwa amekanyaga Kenya. Aliyajua hayo kwa kuambiwa na mumewe. Karatasi ni moja, muhuri ni mmoja, na bado sanduku moja la karatasi hiyo lina nguvu kama mwamba na sanduku la pili yake lina nguvu ya masimulizi. Programu nzuri itakuruhusu kuitaja hati hiyo hiyo mara mbili: kwa kuzaliwa kwa mtoto uipe alama ya juu, na kwa umri wa baba uipe alama ya chini.

Mwezi wa Agosti mwaka 2009, katika mahakama moja ya California, ililetwa karatasi iliyodaiwa kuwa cheti cha Kenya, ikionyesha kwamba Obama alizaliwa Mombasa. Ilikuwa na mikunjo, rangi ya kuchakaa, na mhuri. Juu yake yalichapwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya 'Jamhuri ya Kenya', na tarehe ya kutolewa ilikuwa 17 Februari 1964. Wewe uliyesoma historia ya nchi hii, weka kitabu chini kidogo ufikiri. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, lakini kwa mwaka mzima Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964. Mwezi wa Februari mwaka huo palikuwa hapana jamhuri, wala karani wa kuandika jina hilo. Mwanafunzi yeyote wa shule zetu angeliweza kuyaambia magazeti ya Marekani neno hilo bila kupanda ndege. Wachunguzi wengine walikitazama kile ambacho watu wavivu hukiruka, namba ya kitabu na namba ya ukurasa, wakaona zalingana na za cheti cha mtu mwingine kabisa, kilichotolewa Australia ya Kusini. Mghushi alijitahidi katika mambo makubwa akakamatwa katika rejeo.

Wako waliokosea upande wa pili pia. Walisema cheti cha Hawaii ni cha uongo kwa kuwa chataja 'Kenya', na ati mwaka 1961 hapakuwa na nchi ya jina hilo. Nchi hii yaitwa Kenya katika hati za serikali tangu mwaka 1920, ilipofanywa koloni.

Mpaka hapa huenda ukadhani kwamba karatasi ya serikali ikiwa si ya kughushi, basi imesema kweli. La hasha. Tuhamie jimbo la Virginia.

Mwaka 1853 Virginia ilitunga sheria ya kuandika uzazi na vifo, na watoto wa watumwa wakaingizwa pia. Aliyetoa habari zao alikuwa bwana wao. Jina la bwana liliandikwa kwa ukamilifu. La baba wa mtoto aghalabu halikuandikwa. Katika hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika orodha zao za mbali, chini ya jina la mwenye kuwamiliki, kwa umri, jinsia na rangi tu. Majina yao yaliachwa, isipokuwa mara chache sana. Utumwa ulikomeshwa kwa katiba mwaka 1865, na hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika watu hao wote kwa majina. Kwa Mmarekani mweusi atafutaye babu zake, mwaka huo ni kama ukuta. Alex Haley alijaribu kuuvuka katika kitabu chake, Roots, cha mwaka 1976. Alisema kwamba babu yake, Kunta Kinte wa Gambia, aliletwa kwa meli mwaka 1767 akaitwa Toby. Mwaka 1981 Gary Mills na mkewe Elizabeth Shown Mills walichapisha uchunguzi wao wa madaftari ya Virginia, wakaonyesha kwamba Toby huyo alitajwa humo kabla meli ile haijafika. Kitabu kiliwagusa mamilioni, na thamani yake kwa moyo wa watu siipingi. Lakini mnyororo ulikatika pale pale palipotakiwa pete. Bibi huyo Mills ndiye aliyekuja kuandika, mwaka 2007, kitabu kikubwa cha kanuni za kutaja vyanzo ambacho wanasaba wa Marekani hukitumia.

Uandikishaji wa uzazi ulikoma Virginia mwaka 1896, ukaanza tena mwaka 1912. Aliyewekwa kuusimamia alikuwa daktari, Walter Plecker, naye alikaa katika ofisi hiyo mpaka mwaka 1946. Mwaka 1924 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kulinda, kama lilivyosema, usafi wa damu ya watu weupe. Kila mtu aandikwe rangi yake, na mweupe asioane na asiye mweupe. Plecker alikuwa na itikadi kwamba huko Virginia hawakubaki tena wenyeji wa asili wa Amerika, bali watu weusi waliojifanya wenyeji wa asili. Basi akaifanya masjala kuwa silaha. Aliyafukua madaftari ya kale ya 1853 hadi 1896 ili kumtafutia kila mtu babu mweusi. Aliandika maonyo nyuma ya vyeti. Na mwaka 1943 aliwapelekea wasajili waraka wenye majina ya koo, wilaya kwa wilaya, ili watu wa koo hizo wakija wasiandikwe kama walivyosema wao wenyewe. Mkunga akileta habari kwamba mtoto ni wa kabila la Monacan au Rappahannock, karatasi ilitoka ofisini ikisema neno lingine.

Sheria ile ya ndoa ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1967. Lakini karatasi hazifi upesi kama sheria. Makabila ya Virginia yalipoomba kutambuliwa na serikali ya taifa, utaratibu wa kawaida uliyataka yaonyeshe kwa hati kwamba yamedumu kuwa makabila bila kukatika. Hati zenyewe ndizo zilizoharibiwa na msajili. Makabila sita yalilazimika kupitia bungeni, na sheria ya kuyatambua ikatiwa sahihi mwezi wa Januari mwaka 2018, karibu miaka 72 tangu Plecker aache kazi.

Afanye nini mtu wa Monacan anayeandika nasaba yake leo, mbele yake kikiwa cheti cha nyanya yake cha mwaka 1930 kisemacho 'mweusi'? Wako wasemao akitupe. Mimi sikubali. Akitupa, amemfichia Plecker dhambi yake. Akikinakili bila neno lolote, amemfanya Plecker kuwa shahidi wa kuaminika. Njia ni kukitaja kwa ukamilifu: jimbo la Virginia, ofisi ya takwimu za uzazi, namba ya cheti, mwaka, na jina la msajili mkuu wa wakati huo; kisha katika nafasi ya maelezo, ambayo programu zote nzuri zinayo, aeleze kwamba neno la rangi liliamuliwa na ofisi na si na familia. Mahali na tarehe ya kuzaliwa katika cheti hicho hicho vyaweza kuwa sahihi kabisa. Mtu mmoja aliyedanganya katika sanduku moja hakuyaharibu masanduku yote.

Na kwetu? Serikali ya kikoloni ilianza mapema katika karne ya 20 kuandika uzazi wa Wazungu, na kwa Waafrika sheria ilisambazwa wilaya kwa wilaya, mpaka ikaenea nchi nzima mwaka 1971. Kabla ya hapo wazee wetu walizaliwa katika mwaka wa nzige, au wa njaa, au wa vita. Darasani kwangu huwauliza wanafunzi tarehe ya kuzaliwa ya babu zao, na ajabu ya watu waliozaliwa tarehe 1 Januari haipungui. Karani alihitaji siku, akaitoa siku.

Mzee Obama, baba yake rais, ni mmoja wa kizazi hicho cha kabla ya vyeti. Cheti cha Hawaii kikimpa miaka 25 mwezi wa Agosti 1961, maana yake alizaliwa kati ya Agosti 1935 na Agosti 1936. Vitabu vingine vimeandika 1936, vingine 1934. Ukoo wake ulisimuliwa na Mama Sarah, mke wa mzee Hussein Onyango, aliyefariki mwaka 2021. Alimsimulia mjukuu wake Kogelo, kwa Kijaluo, na dada yake Auma akafasiri. Mjukuu akaandika kwa Kiingereza katika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Masimulizi hayo nayo yana rejeo lake, na ni refu kuliko la cheti: msemaji, mahali, lugha, mfasiri, mwandishi, kitabu na ukurasa.

Ukimwingiza mzee huyo katika programu yako, sanduku la mwaka wa kuzaliwa litakungoja. Andika tarehe zote mbili, kila moja na shahidi wake chini yake. Programu itazipokea, na haitakulazimisha kuchagua leo.